Flashi ukumbini: usome ukumbi kwanza, ndipo uwashe

Anayeanza kupiga harusi huichukia flashi kwa sababu ya picha zake za mwanzo. Nyuso zimeungua, paji la uso linameta jasho, na nyuma ya maharusi ni giza tupu, utadhani sherehe ilifanyika stoo. Mpambaji alikesha kufunga vitambaa na taa, lakini kwenye picha havionekani. Basi watu husema flashi inaharibu picha, wakati kosa liko kwingine: kamera iliachiwa iamue yenyewe, ikashughulika na uso ulio mbele yake na kuuacha ukumbi gizani.

Picha ya flashi hubeba mianga miwili. Wa kwanza ni wa ukumbi: taa za mapambo, taa za DJ, mishumaa, skrini. Huo huingia muda wote shata (pazia la ndani ya kamera) ikiwa wazi, kwa hiyo ukipunguza kasi ya shata ukumbi unang'aa, ukiiongeza unafifia. Wa pili ni wa flashi yenyewe, ambao huwaka na kuzimika upesi kuliko shata inavyofunga. Shata ikae wazi kwa 1/50 au kwa 1/200 ya sekunde, mwanga wa flashi usoni ni uleule. Flashi hutawaliwa na tundu la lenzi (namba ya f, ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), nguvu uliyoipangia, na umbali. Hapa ndipo penye siri yote: kwa shata unapanga ukumbi, kwa nguvu ya flashi unapanga uso, na kila kimoja unakishika peke yake.

Kwa hiyo fika mapema, mpambaji akiwa bado anamalizia, na flashi iwe imezimwa. Weka kamera kwenye M, unapopanga kila kitu mwenyewe. Anza na ISO 1600, f/2.8 na shata 1/100, kisha piga kuelekea meza kuu. Unachotafuta si picha iliyokamilika. Unatafuta ukumbi ulio na giza kidogo, chini ya kawaida kwa stopu moja au moja na nusu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake), lakini rangi za vitambaa na taa zionekane. Ukiwa mweusi mno, panda ISO 3200. Hapo sasa washa flashi, mwombe mtu wa kamati asimame umbali wa mita 3, piga, na urekebishe nguvu ya flashi tu. Mipangilio ya ukumbi usiiguse.

Mwenye lenzi ya 18–55 iliyokuja na kamera atagundua kwamba akivuta hadi mm 55 tundu linajifunga kufika f/5.6, na hiyo ni hasara ya stopu mbili ukilinganisha na f/2.8. Atalazimika kupanda ISO 6400 au kubaki upande wa mm 18. Lenzi ya mm 50 f/1.8 ni ya bei nafuu na inasaidia mno, ila usiitumie kwenye f/1.8 watu wakiwa wawili: jicho la bwana harusi litakuwa kali na la bibi harusi limeyeyuka. Ibane hadi f/2.8.

Hiyo 1/100 ina sababu yake. Umeme wetu ni wa hetsi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kila sekunde. Macho hayaoni, lakini shata ikiwa 1/200 au zaidi picha hutoka na mistari ya giza, au picha moja ni ya njano na inayofuata ni ya kijani. Shata ya 1/100 au 1/50 humeza mpepeso mzima. Skrini kubwa ya LED nyuma ya maharusi ina mpepeso wake wa namna nyingine. Ipige picha tupu kwanza, na ukiona mistari shuka hadi 1/60 au 1/50.

Juu nako kuna mpaka. Kamera nyingi zinafanya kazi na flashi hadi 1/200 au 1/250. Ukipita hapo, pazia la shata linakuwa halijafunguka lote wakati flashi inawaka, na upande mmoja wa picha unatoka na mkanda mweusi. Flashi na kamera zikiwa zinawasiliana vizuri, kamera yenyewe hukataa kuvuka mpaka huo. Ukitumia flashi ya bei rahisi yenye pini moja tu, au trigga (kifaa cha kuwasha flashi kwa mbali) ambayo kamera haiitambui, hakuna cha kukuzuia, na mkanda huo utauona nyumbani umeshachelewa. Kuna mfumo wa kasi kubwa unaoruhusu hata 1/1000, ila unakula sehemu kubwa ya nguvu ya flashi. Ukumbini usiku hauna kazi nao. Na kama kamera yako ina shata ya kielektroniki isiyo na sauti, izime, maana kwenye kamera nyingi flashi haiwaki kabisa.

Usitumie P wala A, ambazo kamera hupanga shata yenyewe. Kwenye P kamera nyingi hushikilia shata karibu na 1/60 na kuacha nyuma giza. Kwenye A, ikiona giza, inaweza kushusha shata hadi 1/8, na kila anayetembea anaburuta kivuli chake. ISO ya kujiendesha nayo izime, kwani kila kamera ina tabia yake flashi ikiwashwa, na hutaki kuijifunza tabia hiyo maharusi wakiwa mlangoni.

Sasa mwelekeo wa flashi. Ikielekezwa moja kwa moja mbele ni taa ndogo sana, na taa ndogo hutoa vivuli vikali na mng'ao mkali. Ngozi yenye jasho ni kama kioo: inarudisha sura ya taa iliyoipiga. Kwa ngozi nyeusi jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wengi wakiona uso wa mtu mweusi una giza huongeza nguvu ya flashi iliyoelekezwa mbele, na wanachopata ni doa jeupe kwenye paji la uso na puani huku mashavu yakibaki vilevile. Dawa yake ni taa pana zaidi. Dundisha flashi kwenye dari jeupe au ukutani, na dari lote linakuwa taa. Mng'ao unatandaa, na umbo la uso linaonekana. Beba pia leso za karatasi umpe mpambe wa bibi harusi. Kumpangusa mtu jasho kabla ya picha kunaokoa kazi ambayo kompyuta haiwezi kuifanya vizuri.

Usielekeze kichwa cha flashi juu wima. Ukiwa karibu na mtu, mwanga unamshukia utosini na macho yanakuwa mashimo meusi. Kigeuze nyuma kidogo au pembeni kwa nyuzi 45 hivi, mwanga upige ukuta au dari la upande wako kisha umrudie usoni kwa mshazari. Mtu akigeuza uso kuelekea upande ule mwanga unakotoka, picha inakuwa nzuri mno. Kama macho bado yana giza, funga kadi nyeupe ya sentimita 10 kwa 15 nyuma ya kichwa cha flashi kwa mpira wa ofisini, irushe mwanga kidogo mbele. Kile kikofia cha plastiki kinachouzwa pamoja na flashi nyingi sikipendekezi kwa ukumbi mkubwa. Kinatawanya mwanga kila upande, na pasipo ukuta wa karibu wa kuurudisha, sehemu kubwa ya nguvu yako inaenda kwa wageni.

Urefu wa dari ndio unaoamua kama jambo hili linawezekana. Chukua dari la mita 3, na mtu yuko mita 3 mbele yako. Mwanga utasafiri karibu mita 4 kwenda juu na kurudi. Dari likiwa mita 6, safari inakuwa karibu mita 9. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo unahitaji karibu mara 5 ya ule wa kwanza. Ndiyo maana mtu aliyefanikiwa kwa ISO 800 kwenye sherehe ya sebuleni anashangaa flashi ileile kushindwa ukumbini. Panda ISO 3200, umepata mara 4. Kuza pia zoom ya kichwa cha flashi kwa mkono hadi mm 70 au 105, kwa sababu flashi nyingi ukigeuza kichwa hurudi zenyewe kwenye mm 50 na mwanga unatawanyika kabla haujafika darini.

Halafu tazama rangi ya huko unakodundishia. Vitambaa vyeupe darini ni neema. Vitambaa vya zambarau au kijani vitampaka bibi harusi rangi hiyohiyo, na shela jeupe halitaficha. Turubai jeupe hufanya kazi kama dari la chini. Harusi ya bustanini usiku haina cha kudundishia chochote. Huko tumia kadi, mwavuli mweupe kwenye stendi, au ukuta mweupe ukiwepo.

TTL, yaani kamera ikipima na kupanga nguvu ya flashi yenyewe, ni msaada mkubwa mtu akiwa anatembea kukujia, ila inahitaji kuelekezwa. Inachukulia kwamba kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Shela jeupe likijaza fremu, inapunguza mwanga, na bibi harusi anatoka mwenye giza, ongeza flashi kwa stopu +0.7 au +1. Kundi la wanaume wenye suti nyeusi linaisukuma kufanya kinyume chake, inaunguza nyuso, shusha −0.7. Maharusi wakisimama pamoja mara nyingi makosa hayo mawili yanafutana, lakini usibahatishe. Kwa chochote kinachokaa umbali uleule, yaani meza kuu, keki, jukwaa, mimi ni wa flashi ya M, nguvu nikiipanga mwenyewe. Ukishapata nguvu inayofaa, tuseme 1/8 ya nguvu kamili, picha 40 zinazofuata zitafanana, na kuhariri kunakuwa kwepesi.

Hesabu ya M si ngumu. Kila flashi ina namba yake ya mwongozo. Nyingi za juu ya kamera, kwenye zoom ya mm 35, ISO 100 na nguvu kamili, ziko kati ya 30 na 40. Gawanya namba hiyo kwa tundu la lenzi, unapata umbali kwa mita. Chukua 36. Ukishusha nguvu hadi 1/16, namba inakuwa robo, yaani 9. Ukipanda ISO 1600, inazidishwa mara 4, unarudi 36. Kwa f/4, flashi iliyoelekezwa moja kwa moja inafika mita 9. Kwa hiyo 1/16 tu inatosha kutoka kona ya jukwaa la kuchezea hadi upande wa pili. Ikidundishwa darini ongeza stopu mbili au tatu, maana dari nalo hula mwanga. Namba zilizochapwa kwenye boksi zisikudanganye. Mara nyingi zimepimwa kwenye zoom ya mm 200, ambayo hutaitumia.

Faida nyingine ya nguvu ndogo ni betri. Kwenye 1/16 flashi iko tayari karibu papo hapo. Kwenye nguvu kamili na betri nne za AA inaweza kuchukua sekunde 3 au zaidi, na hizo ndizo sekunde ambazo maharusi wanalishana keki. Nunua betri za kuchaji za NiMH, za mAh 2000 hadi 2500, seti tatu za nne nne, na usichanganye za zamani na mpya kwenye seti moja. Alkalini za dukani ziwe akiba tu. Zinachelewa kujaza flashi, na zikisahaulika ndani huvuja na kula vyuma. Flashi zenye betri ya lithiamu ya kuchomeka ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu. Zote zikipigwa nguvu kamili mfululizo hupata moto na kujizuia, hiyo ni kinga yake, si ubovu. Ukiona hivyo panda ISO stopu moja na ushushe nguvu nusu.

Kuhusu rangi. Mwanga wa flashi ni wa mchana, karibu kelvini 5500. Taa za njano za ukumbi ziko karibu 3000. Ukiacha hivyo, uso unatoka sawa na nyuma inakuwa ya machungwa, au ukipima kwa ukumbi uso unakuwa wa bluu. Funga jeli ya machungwa (plastiki angavu yenye rangi) mbele ya flashi, ile ya nusu inatosha kwa kumbi nyingi, kisha weka kamera kwenye kelvini 3800 au 4000. Jeli haisaidii kitu kwa taa za DJ za zambarau na bluu. Hizo ziache ziwe pambo la nyuma, flashi ishughulike na uso. Piga RAW (faili ghafi la kamera), kwa sababu taa ya zambarau ikishika uso kwenye JPEG hakuna cha kuirudisha.

Mtu wa video ni mwenzako wa kazi na mwongee kabla ya saa. Taa yake ya LED ikiwaka ghafla inabadili hesabu yako yote, hata kwa stopu mbili. Muulize ataiwasha wakati gani, ataweka upande gani, na ni ya mchana au ya njano. Flashi yako nayo inamwachia fremu zenye nusu nyeupe, kwa hiyo kwenye viapo na hotuba piga chache zilizochaguliwa. Kanisani muulize padri au mchungaji kabla ya ibada. Wengine hawataki flashi wakati wa kiapo na wana haki yao.

Maharusi wakiingia, wanakuja wakicheza taratibu, wapambe nyuma yao, na wewe unarudi kinyumenyume. Hapa ni TTL, lenzi ya mm 35 au 24–70, f/4, na ukae umbali wa mita 3 hadi 4 bila kuusogelea wala kuupoteza. Foksi ndiyo inayofeli hapa kuliko mwanga. Ile miale myekundu ya flashi inayosaidia foksi gizani hufanya kazi kwenye kamera za kioo (DSLR). Kamera nyingi zisizo na kioo (mirrorless) haziitumii. Lenga penye mpaka wa rangi, kola nyeupe juu ya suti nyeusi, badala ya shavu lenye giza.

Picha za familia jukwaani huwa zinaharakishwa na MC, na hapo ndipo kosa hutokea bila kuonekana kwenye kioo kidogo cha kamera. Safu tatu za watu zinataka f/5.6. Zinataka pia mwanga utoke mbali. Flashi ikiwa mita 3 kutoka safu ya mbele na mita 4.5 kutoka ya nyuma, mbele wanapata mwanga zaidi ya mara mbili; watoto wanaungua na mababu hawaonekani. Isogeze iwe mita 6 na 7.5, tofauti inashuka hadi mara moja na nusu. Inua stendi hadi mita 2.5 au zaidi, vivuli vya vichwa vianguke sakafuni.

Kwenye sherehe ya kupamba huko Pwani, ambako ni wanawake peke yao na mpigapicha anapaswa kuwa mwanamke, bibi harusi anakaa jukwaani ametulia, amevaa dhahabu na nguo yenye shanga na nakshi. Flashi ya mbele inageuza dhahabu kuwa madoa meupe. Weka taa moja yenye mwavuli au softiboksi pembeni kwa nyuzi 45, juu ya usawa wa macho, kwenye M. Hina ya mikononi inaonekana vizuri mwanga ukiipitia kwa ubavu. Na zile kadi za kumbukumbu zisipite mkononi mwa mtu yeyote zaidi ya waliokuita.

Ukiwa na flashi mbili za nje na trigga ya redio, ziweke kona mbili zinazokabiliana za jukwaa la kuchezea, urefu wa mita 2.5, nguvu 1/16, zikielekea katikati. Moja inakuwa ya uso, nyingine inachora ukingo wa mwanga kichwani na mabegani, na ukigeuka zinabadilishana kazi. Chagua chaneli isiyo 1. Harusi yenye wapigapicha wawili wenye trigga za aina moja, kila mmoja huwasha flashi za mwenzake na kumalizia betri. Miguu ya stendi ining'inizie mfuko wa mchanga, au ukikosekana, chupa mbili za maji za lita 1.5, kwa sababu watoto hukimbia na shangazi hucheza.

Muziki ukifunguliwa shusha shata hadi 1/15 na flashi iwe imewekwa kuwaka mwisho wa shata, si mwanzo. Taa za DJ zitaacha michirizi, flashi itamgandisha anayecheza, na mchirizi utamfuata nyuma badala ya kumtangulia. Mashine ya moshi ikiwa inafanya kazi, usipige flashi kutoka juu ya kamera. Utaangaza moshi ulio kati yako na maharusi na kupata ukungu mweupe. Tumia zile za kona. Miale ya leza usiielekezee lenzi kamwe, inaweza kuunguza sensa papo hapo na doa halitoki. Mwombe DJ aizime au aielekeze darini. Fataki baridi zinang'aa kuliko taa zote za ukumbi, kwa hiyo kabla hazijawashwa shusha ISO hadi 400, iache shata kwenye 1/100 cheche zibaki na mikia yake, na uongeze nguvu ya flashi stopu mbili kufidia. Zinawaka kwa muda mfupi tu, mwambie anayezibonyeza akupe ishara ya mkono.